Wimbo Alioimbiwa Peke Yake

Siku ya ishirini na mbili tangu Magembe anyanyuke katikati ya onyesho na kutoka ukumbini bila kuaga, Elinipa alichoka kusubiri simu. Aliamka mapema, akaoga, akavaa gauni lake la kitenge chenye maua ya buluu, akatia bahasha ya kaki ndani ya mkoba, kisha akatoka barazani alikokuwa amekaa baba yake.

"Shikamoo baba. Naenda Kisarawe."

"Marahaba. Kisarawe mjini?"

"Marui."

Mwalimu Bernard aliacha kuchambua mchele uliokuwa kwenye ungo mapajani mwake. Tangu astaafu, kazi hiyo alijitwalia yeye, akidai mke wake haoni mawe.

"Amekupigia?"

"Hajapiga."

"Na wewe umempigia?"

"Mpaka nimeona aibu."

"Sasa mtu asiyepokea simu unamfuata kufanya nini?"

"Kumwomba radhi, baba. Nilimkosea."

Mzee alimtazama binti yake juu ya miwani kwa muda, kama alivyokuwa akiwatazama wanafunzi waliokiri kosa kabla ya kuulizwa.

"Basi nenda. Ila badilisha hivyo viatu. Huko kuna ng'ombe."

Elinipa alikuwa na miaka thelathini na miwili, na kazi yake ilikuwa ngumu kuieleza. Akisema ni mtunzi wa muziki, watu wa Visiga walimuuliza kama anaimba injili au bongofleva. Akisema anaandika nota za vayolini, selo na kwaya, yaani muziki wa klasiki, ila wa watu wa leo walio hai, walimwitikia kwa upole kama anavyoitikiwa mgonjwa. Baba yake ndiye aliyemfundisha kusoma nota akiwa na miaka saba, kwenye kinanda kibovu cha kanisani. Baadaye alipata nafasi ya kusoma Ulaya miaka minne, akarudi na shahada na begi la makaratasi. Siku tatu kwa wiki alifundisha muziki shuleni Kibaha. Siku zilizobaki alitunga, na alitunga kutokana na chochote kilichomwingia sikioni. Kipande chake cha kwanza cha vayolini mbili kilitokana na mvumo wa mashine za viwanda vya Zegereni, uliokuwa ukimfikia chumbani alfajiri upepo ukikaa vizuri. Kilipigwa mara moja tu, mbele ya watu kumi na mmoja, wawili wao wakiwa wazazi wake.

Magembe aliingia katika maisha yake kupitia zizi. Alikuwa bwana mifugo, enzi hizo akifanya kazi Kibaha, na alikuja kumtibu ng'ombe wa Mwalimu Bernard aliyegoma kula. Akiwa ananawa mikono bombani alisikia kinanda kutoka dirishani. Alisubiri mpaka kikanyamaza, ndipo akaita, "Dada, samahani, huo wimbo mbona umeishia njiani?"

Elinipa alichungulia amwone huyo mjuaji. Akaona kijana mrefu, mweusi wa kupendeza, suruali imelowa hadi magotini, anatabasamu kwa haya. Na alikuwa amesema kweli. Wimbo ulikuwa umeishia njiani. Alikwama nao wiki nzima.

Ng'ombe alipona kwa siku mbili. Bwana mifugo aliendelea kuja kumkagua kwa miezi mitano.

Mwaka uliofuata, mvua ya Aprili iliwafungia wawili hao kwenye kibanda cha mahindi ya kuchoma pale Visiga, na humo Magembe akamwimbia wimbo wa mama yake. Aliuimba mdomo umefumbwa, bila maneno, kwa sababu maneno hakuwahi kuyasikia. Alikuwa na miaka minane, bado wanaishi Maswa, mdogo wake Kabula alipoumwa homa. Siku tatu mfululizo mama yake aliuimba hivyohivyo kando ya kitanda, na Magembe akausikia akiwa amelala upande wa pili wa pazia. Siku ya tatu wimbo ulikoma. Tangu siku hiyo haukuimbwa tena nyumbani kwao, na yeye hakuwahi kumwimbia mtu. Kulikuwa na mahali ndani ya wimbo ambapo sauti ilikatika ghafla, ikanyamaza pigo moja, kisha ikaendelea. Alipofika hapo, Elinipa alilia.

Usiku huohuo aliuandika kwenye nota ili usimpotee. Kwa miezi minane iliyofuata, bila kumuuliza mwenyewe, aliufanya kuwa moyo wa kazi yake kubwa kuliko zote, "Asubuhi Tatu", kwa kwaya ya watu thelathini na ala nne za nyuzi. Siku ya onyesho Magembe alikaa mstari wa mbele na shati jipya, uso unang'aa kwa fahari, mpaka asubuhi ya tatu, sehemu ya mwisho, ilipoanza.

Kufika Marui ilikuwa saa nne na nusu. Dereva wa bodaboda aliyemchukua Kisarawe mjini, Mashaka, alimshusha karibu na josho, mahali ng'ombe wanapoogeshwa dawa ya kupe.

"Unamtafuta Bwana Mifugo? Yule pale mwenye gambuti," alisema. "Siku hizi kawa mkali, sijui ana nini. Zamani alikuwa anacheka mpaka na ndama."

Magembe alikuwa amesimama mwisho wa josho na daftari mkononi, akiwahesabu ng'ombe wanavyotoka majini wakijikung'uta. Aliinua macho, akamwona, akayarudisha kwenye daftari haraka.

"Arobaini na moja," alisema kwa sauti. "Arobaini na mbili."

"Bwana Mifugo, huyo umeshamhesabu," mfugaji mmoja alimwambia. Wenzake wakacheka.

Alimkabidhi daftari mfugaji huyo, akaja akitembea polepole, gambuti zikilia matope. Akasimama hatua tatu mbele yake. Elinipa alikuwa amejiandalia maneno njia nzima, na yote yalimtoka kichwani. Aliona tu kwamba amekonda, na kwamba ndevu hajazinyoa.

"Umekujaje?"

"Kwa bodaboda."

"Umekula?"

Ilibaki kidogo tu acheke. Siku ishirini na mbili za kununa, na bado swali lake la pili ni hilo.

"Sikuja kula, Magembe. Nimekuja kukuomba radhi."

"Ungeandika meseji."

"Niliandika kumi na saba."

Magembe alitazama pembeni. "Nilizisoma zote."

"Basi sema kitu. Nitukane basi, nijue moja."

"Nikutukane kwa lipi? Muziki ulikuwa mzuri. Watu walikuwa wanalia. Mama mmoja jirani yangu alitoa leso. Mimi nilikuwa nimekaa pale, Eli, nawaangalia watu mia tatu wanamlilia mdogo wangu na hawamjui hata jina. Nilikuimbia wewe. Ukumbi sikuuimbia."

"Najua."

"Ulikuwa unajua siku ile pia?"

Hapo ndipo Elinipa angeweza kusema uongo mdogo, na uongo huo ungepokelewa. Alikuwa nao tayari: kwamba alitaka kumshangaza, kwamba ilikuwa zawadi. Kwa miezi minane alijiambia hivyo hivyo.

"Nilikuwa najua," alisema. "Nilitaka kukuuliza. Kila ukija nilikuwa nasema leo namuuliza. Niliogopa utakikataa, na mimi nilishakipenda. Nilikipenda kile kipande kuliko nilivyoogopa kukuumiza. Huo ndio ukweli wenyewe, na unanitia aibu."

Ng'ombe mmoja alipita katikati yao akitiririka maji ya dawa. Wote wawili walirudi nyuma kumpisha, kisha wakasogea tena, safari hii karibu zaidi ya mwanzo.

"Kuna barua," Elinipa aliendelea, akagusa mkoba. "Kwaya moja ya Ulaya inataka kuiimba 'Asubuhi Tatu', na wanataka kuichapa. Ijumaa natakiwa niwajibu. Ukisema hapana, naitoa asubuhi ya tatu, nawaambia kazi hiyo haipo."

"Umeisubiri barua kama hiyo miaka mingapi?"

"Tisa."

"Na ungeitoa?"

"Nimekuja nayo ili uichane wewe mwenyewe ukitaka."

Magembe alimtazama. Lilikuwa jicho la kwanza la kweli tangu afike. Kisha mwanaume akapumua kwa nguvu, akavua kofia, akajifuta jasho.

"Mimi nimeshakusamehe," alisema. "Nadhani nilikusamehe wiki ya kwanza, nikabaki nimekasirika kwa mazoea. Lakini wimbo si wangu. Ni wa mama. Twende ukamwombe mwenyewe. Na baba yupo, kwa hiyo jiandae."

"Nijiandae na nini?"

"Baba anasema hataki mkwe mtunzi. Tangu nilipomwambia kazi yako."

"Kwa nini?"

"Hajawahi kusema. Akishakataa, huwa haelezi."

Nyumba ya Mzee Isaya, baba yake Magembe, ilikuwa ng'ambo ya korongo, bati jipya, zizi kubwa upande mmoja na shamba la mihogo upande wa pili. Familia ilikuwa imehamia Pwani na ng'ombe wake miaka zaidi ya ishirini iliyopita. Mzee alikuwa amekaa kivulini akishona mshipi wa ngozi. Elinipa alipiga goti kidogo.

"Shikamoo baba."

"Marahaba." Alimpima kuanzia viatu hadi nywele. "Wewe ndiye yule wa kuandika nyimbo."

"Ndiyo baba. Naitwa Elinipa."

"Jina lako nalijua. Kijana huyu halali bila kulitaja." Akarudi kwenye mshipi wake. "Karibu kama mgeni. Mgeni hana tatizo."

Neno "mgeni" alilisema kwa namna ambayo lilifunga mlango hapohapo.

Kwandu, mama yake Magembe, alitoka jikoni akijifuta mikono kwenye khanga. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene kiasi, na uso wake ulikuwa kana kwamba umeanza kucheka kabla ya kukuona. Alimshika Elinipa mabega yote mawili.

"Mayu, mama wee! Ndiye huyu? Mbona mwembamba hivi? Kaa, kaa hapo. Magembe, mletee mwenzio maziwa."

Yaliletwa maziwa ya mgando na sahani ya michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa. Elinipa alikunywa kidogo, akaweka kikombe chini.

"Mama, nimekuja na kosa," alisema. "Magembe aliwahi kuniimbia wimbo. Ule uliokuwa unauimba Kabula alipoumwa. Mimi niliuchukua, nikauweka kwenye muziki wangu, ukaimbwa mbele ya watu Dar es Salaam. Sikumuuliza Magembe, na wewe sikukuuliza. Naomba unisamehe."

Sindano ya Mzee Isaya ilisimama ndani ya ngozi. Kwandu hakucheka tena, lakini uso haukukunjamana. Alikuwa kama mtu aliyeitwa kutoka mbali na anasikiliza tena ahakikishe.

"Upo hapo?" aliuliza hatimaye, akionyesha simu ya Elinipa. "Huo wa kwako. Nisikie."

"Mama, si lazima," Magembe alisema.

"Nimesema nisikie."

Elinipa alitafuta sehemu ya tatu, akaweka simu juu ya kigoda. Selo ilianza peke yake, chini kabisa. Kisha wanawake wa kwaya wakaingia midomo imefumbwa, taratibu, kama watu wanaotembea ndani ya chumba cha mgonjwa. Sauti zikapanda, zikapanda tena, zikakatika ghafla. Pigo moja la kimya. Halafu zikaendelea.

Kwandu alisikiliza ameinamisha kichwa. Kimya kile kilipokuja mara ya pili, mabega yake yalianza kutikisika. Magembe alipiga hatua amshike. Lakini mama alipoinua uso, machozi yalikuwa yakimtoka na huku anacheka.

"Mayu, umeukosea!"

"Nimeukosea, mama?"

"Umeukosea wote! Mnauimba kama mnazika. Huu si wimbo wa msiba. Huu ni wimbo wa ng'ombe!"

Magembe alibaki mdomo wazi. "Ng'ombe gani?"

"Ng'ombe mwekundu. Ana maringo, hataki kukamuliwa na mtu mwingine. Jirani kaja, kampiga teke. Shemeji kaja, kampiga teke. Akija mwenyewe anatulia. Hapo mnaponyamaza ndipo teke lenyewe. Watu wanapiga mguu chini, puu! Kabula alikuwa anapapenda hapo. Hata homa imempanda, nikifika hapo anatoa kamguu chini ya blanketi, anapiga teke. Ndiyo maana nikauimba siku zote tatu. Nilikuwa nataka apige teke." Alijifuta macho kwa ncha ya khanga. "Niliuimba polepole kwa ajili ya homa yake. Maneno niliyaacha kwa sababu koo lilikuwa limekauka. Wewe, mwanangu, ulikuwa nyuma ya pazia muda wote huo?"

Magembe aliitikia kwa kichwa tu. Alikaa chini, pale pale mchangani, karibu na miguu ya mama yake, mwanaume wa miaka thelathini na nne na gambuti zake. Kwa miaka ishirini na sita aliubeba ule wimbo akidhani ni kilio.

"Alikuwa anacheka?" aliuliza.

"Mpaka siku ya pili alikuwa anacheka. Nhana, mwanangu. Kweli kabisa."

Elinipa alikuwa ameziba mdomo kwa viganja. Hakujua alie au acheke. "Mungu wangu," alinong'ona. "Nimewaliza watu mia tatu kwa teke la ng'ombe."

Kwandu aliangua kicheko ambacho kilimfanya hata Magembe acheke, kicheko chenye maji ndani yake. Mzee Isaya peke yake hakucheka. Alikuwa ameweka mshipi chini.

"Mwambie ni nani aliyeutunga," alisema kwa mke wake.

"Mwambie wewe. Mdomo si unao?"

Mzee alikohoa. Alimtazama Elinipa, na safari hii hakumpima.

"Mimi nilikuwa manju, binti. Mtunzi wa ngoma. Maswa yote ilinijua. Wimbo huo nilimtungia huyu hapa, wakati vijana wanne wanamtaka."

"Ng'ombe mwekundu ni mimi," Kwandu alisema kwa fahari. "Niliwapiga mateke wote."

"Baba," Magembe alisema taratibu, "hujawahi kuniambia kama ulikuwa unatunga."

"Ningekuambiaje? Kabula alipoanza kuumwa kulikuwa na mashindano Bariadi. Nikasema homa ya mtoto itapita, ngoma haitanisubiri. Nikaenda. Tukashinda. Nikarudi siku ya nne na mbuzi wa ushindi begani, naimba njiani. Nikakuta mmeshazika. Yule mbuzi sikumbuki hata nani alimla. Sikuimba tena. Na huyu mama yako hakunitolea neno hata moja baya, ningependa angenitolea."

Kwandu alinyoosha mkono, akauweka juu ya goti la mumewe.

"Kwa hiyo nikisema mtunzi hafai kuoa wala kuolewa," Mzee Isaya aliendelea, "sina chuki na wewe, binti. Najua ule ugonjwa ulivyo. Wimbo ukikushika unasahau sufuria jikoni. Unasahau mtu. Wewe mwenyewe umechukua wimbo wa kijana wangu bila kumuuliza, na unampenda. Nimekosea?"

"Hujakosea, baba."

"Sasa nijibu. Siku mtoto wenu akiumwa, na huko Ulaya wamekuita, watu wamejaa ukumbini wanakusubiri. Utafanyaje?"

Swali lilikuwa zito, na Elinipa alijua jibu linalotakiwa. Kila msichana aliyefika kwa wakwe analijua. Lakini asubuhi hiyo alishaamua kutodanganya, akaona aendelee hivyohivyo.

"Ningependa kusema nitabaki," alijibu. "Nadhani nitabaki. Lakini baba, na wewe siku ile ulidhani homa itapita. Naogopa kukuapia kitu ambacho bado hakijanikuta."

Magembe akanyanyuka kutoka mchangani, akajipangusa suruali.

"Baba, naomba niseme. Mbona unamuuliza yeye peke yake?"

"Nimuulize nani?"

"Mimi. Mtoto atakuwa na baba. Akiumwa, mimi nitakuwepo. Na nikiwa porini kwenye chanjo, atakuwepo yeye. Tukishindwa wote wawili, Visiga kuna babu na bibi, Marui kuna babu na bibi. Mama alikuwa peke yake siku zile, hatukuwa na mtu. Huyu hatakuwa peke yake." Akamgeukia Elinipa, na sauti ikamshuka. "Wewe utatunga. Mimi siwezi kukupenda nusu, nikaiacha ile nusu inayosikia vitu. Ila utaniuliza. Kabla hujachukua, utaniuliza."

"Nitakuuliza," Elinipa alisema. "Kila kitu. Hata ukikoroma, nitakuuliza kwanza."

"Sikoromi."

"Unakoroma, mwanangu," Kwandu alisema. "Tena vibaya."

Midomo ya Mzee Isaya ilicheza kidogo, akaibana. Alitazama zizini kwa muda mrefu. Jua lilikuwa limesogea, kivuli kimekwisha upande wake, lakini hakuhama.

"Hiyo karatasi yako unayo?" aliuliza ghafla.

"Ipi baba? Barua?"

"Barua ya nini? Karatasi ya kuandikia. Mimi siwezi kukubali wimbo wangu uende Ulaya ukiwa umepooza. Wazungu wataona Wasukuma hatujui kucheza."

Elinipa alipekua mkoba, akatoa daftari la nota na penseli. Magembe alimsogezea kigoda. Mzee alisafisha koo mara mbili, akaona haya, akamwambia mke wake aangalie pembeni. Kwandu akakataa.

Akaimba. Mwanzoni sauti ilikuwa ya mikwaruzo, kama lango lisilofunguliwa miaka mingi. Mstari wa pili ikajikuta. Ulikuwa wimbo uleule na haukuwa uleule; uliruka, uliringa, ulimcheka jirani na kumcheka shemeji, na ulipofika pale, mguu wa mzee ulishuka chini na vumbi likapaa. Puu! Kwandu akaitikia. Elinipa aliandika haraka kadiri alivyoweza, akifuta, akiandika tena. Alijua kwamba Ijumaa atawajibu watu wa Ulaya wasubiri, kwa sababu asubuhi ya tatu ilipaswa kuandikwa upya. Ingeanza vilevile, chini na polepole, kwa ajili ya homa. Halafu mtoto angepiga teke.

Magembe alikuwa amechutama kando yake, bega lake likigusa la Elinipa, akitazama alama zile nyeusi zinavyojaa ukurasa. Hakuzielewa hata moja. Alibaki hapo tu, akimshikia daftari upepo usiligeuze.

Mzee alipomaliza alikunywa maziwa yaliyobaki kwenye kikombe cha mgeni, akajifuta masharubu. Kisha akauliza, kwa sauti ileile anayoulizia habari za malisho:

"Huko Visiga, baba yako hupokea wageni siku gani?"

"Siku yoyote baba," Elinipa alijibu bila kuinua kichwa, bado anaandika. "Amestaafu, yupo tu nyumbani."

Kwandu alimfinya Magembe. Magembe akainama, masikio yakimwaka moto.

"Siku yoyote haiwezekani," alisema Mzee Isaya. "Wageni wenyewe ni wazee watatu, na watakuwa na maneno ya kusema. Lazima akae amejiandaa. Taja siku."

Penseli ilisimama. Elinipa aliinua macho, akamwangalia mzee, akamwangalia Magembe ambaye alikuwa ameacha kabisa kupumua, kisha daftari likamteleza mapajani na hakuna aliyelidaka.

"Jumamosi," alisema, na sauti ilimtoka nyembamba kama uzi.

"Jumamosi hii?"

"Hii hii, baba."

Hapo Kwandu alitupa khanga begani na kupiga kigelegele kirefu, ndama wote zizini wakainua vichwa.